Je, Asiyeumwa Ni Mzima?

Shuleni watoto wetu hufundishwa ya kwamba mwanadamu ana milango mitano ya fahamu, ndiyo macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Hesabu hiyo ni ya kale. Aristotle, mwenye hekima wa Uyunani, aliiandika yapata miaka 2,300 iliyopita, wala hatuna nia ya kuitupa. Lakini haitoshi. Wewe usomaye, fumba macho, unyoshe mkono wa kuume mbali nawe, kisha uguse ncha ya pua yako kwa kidole. Umeipata bila kuona wala kupapasa. Ni mlango upi katika ile mitano uliokujulisha mkono wako ulipo? Tena njaa, na kiu, na kichefuchefu, na kule kubanwa pumzi, habari zake huingia kwa mlango upi?

Mwaka 1906 Mwingereza Charles Sherrington aliandika ya kuwa fahamu za mwili ni za namna tatu: ziko zipokeazo habari za nje, ziko zipokeazo habari za matumboni, na ziko zile za misuli na maungo, zituambiazo jinsi mwili ulivyokaa. Hizi za mwisho hatuzikumbuki kabisa, kwa kuwa hazijapata kutuacha hata siku moja. Mwaka 1971 kijana mmoja wa Uingereza, mwenye miaka 19, alipatwa na ugonjwa uliomnyang'anya fahamu hizo tangu shingoni kwenda chini. Misuli yake ilikuwa na nguvu, lakini hakujua mikono na miguu yake iko wapi asipoitazama. Alijifunza upya kuketi, kusimama na kutembea kwa kukitazama kila kiungo na kukiamuru, kama mtu aongozaye kundi la ng'ombe wakaidi. Na taa ikizimika ghafula, alianguka chini.

Lugha yetu imelijua jambo hili kwa njia yake. Hatusemi tu ya kwamba twasikia sauti. Twasikia harufu, twasikia baridi, twasikia njaa, twasikia maumivu. Neno ni moja, kana kwamba mababu waliona ya kuwa hayo yote ni habari ziletwazo kwa mtu aliyemo ndani. Tena tukimwona mtoto asiyetii, twasema, "Hasikii." Tutalirudia neno hilo.

Basi katika habari zote ziletwazo mwilini, iko moja isiyopendwa na mtu, nayo ni maumivu. Mgonjwa akiulizwa hali husema, "Naumwa". Na aliyepona husema, "Siumwi tena". Kana kwamba kuugua na kuumwa ni kitu kimoja, na kutoumwa ndio uzima. Hilo ndilo swali tutakalo kulipima mwezi huu. Je, asiyeumwa ni mzima? Na maumivu yenyewe, ni adui wa kufukuzwa, au ni mwalimu wa kuvumiliwa? Swali hili si la wenye vyuo peke yao. Katekista aketiye kando ya kitanda cha mzee aliyaye usiku kucha kwa saratani, hana budi kusema neno, na neno lile hutoka katika jibu alilo nalo moyoni, hata kama hajapata kujiuliza. Wako wasemao, "Vumilia, maumivu ni fundisho, usiyakimbie." Wako wasemao maumivu ni laana tupu, na heri mtu yule asiyeyajua kamwe. Twaona ya kuwa wote wawili wamekata shauri kabla ya kumsikiliza shahidi, yaani mwili wenyewe.

Tumsikilize. Kutoka kwenye ubongo hutoka jozi 12 za mishipa ya fahamu, na kutoka kwenye uti wa mgongo jozi 31, nayo hugawanyika mpaka imekuwa nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho, zikafika kila mahali pa ngozi na nyama. Habari hupita katika nyuzi hizo kwa mapigo mafupi ya umeme. Edgar Adrian, aliyepewa Tuzo ya Nobel pamoja na Sherrington mwaka 1932, alionyesha ya kwamba mapigo ya uzi mmoja hayazidiani kwa ukubwa. Jambo likiwa dogo, mapigo huja moja moja. Likiwa kubwa, huja kwa haraka. Ni kama mpiga ngoma asiyeweza kupiga kwa nguvu zaidi, ila huweza kupiga upesi zaidi.

Lakini kama ngoma zote hulia namna moja, ubongo wajuaje kutenga mwanga na sauti, au moto na baridi? Mjerumani Johannes Müller alilijibu mwaka 1826: ubongo hautazami ni kitu gani kilichougusa mshipa, bali ni mshipa gani uliopiga. Ukilibonyeza jicho lako polepole gizani, utaona kama duara la mwanga, ingawa hapana mwanga. Kwa maana mshipa wa jicho hujua neno moja tu. Ndivyo ilivyo kwa pilipili. Twasema pilipili yawasha, neno lile lile la kuwasha moto, wala hatukukosea. Mwaka 1997 Mmarekani David Julius na wenzake waligundua ya kuwa katika ncha za mishipa ya maumivu mna kijilango kidogo kifunguliwacho na ukali wa pilipili, na ya kwamba kijilango hicho hicho hufunguliwa na joto lipitalo kama digrii 43. Ulimi uliopakwa pilipili hupeleka habari ya moto, na ubongo husadiki. Nanaa nayo hufanya vivyo hivyo katika kijilango cha baridi. Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Lebanoni, aligundua mwaka 2010 vijilango vya kusikia mgandamizo, ambavyo kwa hivyo twajua tumeguswa na mkono wetu uko wapi. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021.

Mtu mwenye shaka atasema, "Basi kumbe twadanganywa siku zote, hatuujui ulimwengu, ila uvumi wake." Shaka hiyo ni ya zamani, na wenye hekima wa Ulaya wameandika vitabu vingi juu yake. Sisi twaona haina haja ya kututisha. Barua si mtu aliyeiandika, lakini yatosha kutufanya tuamke na kwenda kumlaki. Ni habari, tena ni habari zenye kazi ya kufanya.

Na kazi ya maumivu ni ipi? Ajikwaaye kidole katika jiwe husikia maumivu mara mbili: kwanza kama kuchomwa na sindano, kisha baada ya kitambo kidogo maumivu mazito yaletayo machozi. Hizo ni nyuzi mbili mbali mbali. Ya kwanza hukimbia zaidi ya meta 5 kwa nukta moja. Ya pili hutembea kama meta 1 tu, mwendo wa mtu aendaye pole. Ya kwanza yasema, "Ondoa mguu!" Ya pili yasema, "Usiukanyagie mguu huu leo wala kesho, mpaka upone." Tena mkono ushikao sufuria ya moto huruka kabla mwenyewe hajajua, kwa kuwa uti wa mgongo hutoa amri pasipo kungoja shauri la ubongo.

Sasa tumtazame mtu ambaye mlinzi huyo amekufa ndani yake. Ugonjwa wa ukoma umeogopwa tangu zamani kuliko magonjwa mengi, na wenye nao walifukuzwa vijijini, kwa sababu watu waliona vidole vikipungua, wakadhani ugonjwa wenyewe huila nyama kama mchwa ulavyo mti. Mwaka 1873 Gerhard Armauer Hansen, daktari wa Bergen katika Norwe, alikiona kijidudu cha ukoma. Kijidudu hicho hupenda mahali pa mwili palipo na ubaridi, yaani ngozi na mishipa ya fahamu ipitayo karibu na ngozi, kama ule wa kiwiko. Mishipa ile huvimba, ikafa, na mahali pake hufa ganzi. Lakini vidole vilipotea namna gani? Miaka mingi ilipita kabla jibu halijaeleweka vema.

Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa Bara Hindi mwaka 1914 kwa wazazi wamisionari, alikuja katika chuo cha madaktari cha Vellore mwaka 1946, akaanza kuipasua mikono iliyokunjamana ya wenye ukoma na kuinyosha. Yeye mwenyewe alisimulia jinsi alivyoshindwa siku moja kufungua kufuli lenye kutu, akatokea mtoto mwenye ukoma, akauzungusha ufunguo mara moja. Daktari akastaajabia nguvu za mtoto, kisha akaona damu ikitiririka. Ufunguo ulikuwa umekata kidole mpaka mfupa waonekana, na mtoto hakuwa na habari. Basi Brand na wenzake wakaanza kuchunguza kila kidonda kimetoka wapi. Huyu alishika chungu cha moto. Huyu alitembea siku nzima na msumari katika kiatu. Wengine waliamka asubuhi wakaona sehemu ya kidole haipo, wasijue imekwenda wapi, hata walipokesha na kulinda ndipo walipoona ni panya aliyekuja usiku, akala, na mwenye kidole hakuamka. Wagonjwa wale wakapewa paka. Nyama yao haikuwa na laana yoyote. Ilikuwa nyama kama yetu, ila imekosa mlinzi.

Twaomba jambo hili lishikwe sana na wale ambao hata leo huogopa kumpa mkono mtu aliyepona ukoma. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Ulimwenguni limeagiza dawa kadha pamoja zitumiwe kwa ugonjwa huu, nazo huua vijidudu kabisa. Lakini mshipa uliokwisha kufa haufufuki kwa dawa. Mtu amepona, hana cha kumwambukiza mwingine, na bado mkono wake haujui moto. Aliyepona hivyo hukaa na ganzi hiyo maisha yake yote. Ndiyo maana wamtunzao humfundisha kuitazama mikono na miguu yake kila jioni, ili macho yafanye kazi ya ngozi.

Brand alijaribu jambo jingine tena, nalo kwetu ndilo lenye mafunzo mengi kuliko yote. Mwaka 1966 alihamia hospitali ya ukoma iliyokuwako Carville, Louisiana, katika Marekani. Huko yeye na mafundi wake walitaka kutengeneza maumivu ya bandia: glavu na soksi zenye vyombo vidogo vya kupima mgandamizo, ili mkono ukibanwa kupita kiasi, chombo kilie au taa iwake. Vyombo vilikuwa ghali, viliharibika upesi. Lakini si hayo yaliyowashinda. Mtu alisikia mlio, akaendelea na kazi yake. Walipobadili mlio wakaweka mshtuko wa umeme wenye kuuma kweli, mtu alipotaka kufanya jambo lililokatazwa alizima umeme kwanza, akalifanya, kisha akauwasha tena! Walisikia, lakini hawakusikia. Ndipo Brand alipokiri ya kuwa maumivu hayafai kitu kama mwenyewe aweza kuyazima apendapo. Muumba hakuuweka ufunguo wa mlango huu mikononi mwetu, nasi tukijitazama jinsi tulivyo na haraka na kazi zetu, hatushangai.

Mwaka 2006 wataalamu walitoa habari za jamaa tatu za kaskazini ya Pakistan, ambazo kati yao walionekana watu sita wasiopata kusikia maumivu tangu kuzaliwa, kwa sababu ya kasoro ndogo waliyoirithi. Walisikia kuguswa, walisikia joto na baridi, lakini hawakuumwa kamwe. Wote sita walikuwa na makovu ya midomo au ulimi kwa kujiuma wenyewe utotoni, na wawili wamekosa theluthi ya ulimi. Wataalamu walikuwa wamesikia kwanza habari za mvulana mmoja aliyejulikana sana kwa kupita juu ya makaa ya moto na kujichoma visu mikononi mbele ya watu njiani, ili apate fedha. Hawakuwahi kumpima. Aliruka kutoka juu ya paa la nyumba, akafa, kabla hajatimiza miaka 14. Basi yule asemaye heri mtu asiyejua maumivu, na ampime mvulana huyu kwanza.

Lakini tusikimbilie upande wa pili. Mlinzi ni mlinzi, si bwana wa nyumba. Tena mlinzi huweza kukosea, na huweza kurukwa na akili. Daktari Silas Weir Mitchell, aliyewatunza majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hata 1865, aliandika habari za watu waliokatwa mkono au mguu, ambao bado waliusikia ukiwauma, vidole vimekunjwa, kucha zikidunga kiganja kisichokuwapo. Habari hiyo ya maumivu haina jambo nyuma yake. Hapana jeraha la kuepuka, wala mguu wa kupumzisha. Kengele inalia, na nyumba iliyowekewa imekwisha bomolewa. Mtu kama huyo tumwambie ajifunze nini?

Naye Mmarekani Henry Beecher, aliyekuwa daktari katika vita vya Italia, aliandika mwaka 1946 habari za askari 215 wenye majeraha makubwa. Walipoulizwa kama wataka dawa ya kutuliza maumivu, yapata robo tatu walikataa. Baadaye aliona raia waliopasuliwa hospitalini, wenye vidonda vidogo kuliko vile, na walio wengi waliitaka. Kwa askari jeraha lilikuwa njia ya kutoka vitani hai. Kwa raia lilikuwa mwanzo wa hofu. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walifundisha ya kuwa katika uti wa mgongo mna kitu kama lango, na habari za maumivu hupita kwa wingi au kwa uchache kwa kadiri lango lilivyofunguliwa. Mguso hulifunga kidogo, na amri za ubongo huweza kulifunga au kulifungua. Mengi yamesahihishwa tangu siku ile, lakini neno lenyewe limesimama. Kila mama ajuaye kumsugua mtoto goti alipoanguka alikuwa akilifunga lango hilo tangu zamani.

Kwa hiyo ukubwa wa maumivu haupimwi kwa kulitazama jeraha. Hapana chombo cha kumwambia daktari, "Huyu aumwa hivi." Waswahili husema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na hapa ndipo panapotupasa kuogopa, kwa kuwa mtu ni mwepesi wa kuhukumu maumivu ya mwenziwe. Katika Ulaya na Marekani, hata miaka ya themanini ya karne iliyopita, watoto wachanga wengi walipasuliwa bila kupewa dawa ya kutosha ya maumivu, kwa kuwa madaktari walisadiki ya kwamba mtoto mchanga hasikii sawasawa, na kulia kwake ni kulia tu. Mwaka 1987 K. J. S. Anand na wenzake walionyesha ya kuwa watoto njiti waliopewa dawa kali ya maumivu wakati wa kupasuliwa walipona vizuri kuliko wale wasiopewa. Madaktari wale hawakuwa watu wakatili. Walimwona mtoto asiyeweza kusema, wakamsemea wao wenyewe, wakasema, "Hasikii."

Basi twamrudia mzee wetu na saratani yake. Maumivu yake yalipoanza yalikuwa mlinzi mwema. Yangalisikiwa mapema, labda angalipelekwa hospitali kabla ugonjwa haujaenea. Lakini sasa habari imekwisha kufika, nyumba nzima imeamka, hapana asiyeijua. Mjumbe aliyekwisha kutoa ujumbe wake, akazidi kuugonga mlango usiku kucha mpaka mwenye nyumba hawezi kulala, wala kuomba, wala kuagana na wanawe, huyo afanya kazi gani? Twasema pasipo kusitasita ya kuwa kumtuliza ni haki, wala hapana dhambi ndani yake. Anayemwambia mzee huyo avumilie kwa sababu maumivu ni mwalimu, na aseme ni somo gani lililobaki ambalo mwanafunzi hajalijua.

Wengine huiogopa mofini kwa sababu ya jina lake baya. Ni kweli ya kuwa yaweza kumtawala aitumiaye ovyo. Lakini ikipimwa na wenye ujuzi kwa ajili ya maumivu ya ugonjwa mzito, hutuliza, na mtu hukaa na akili zake. Nchi jirani ya Uganda imetutangulia katika jambo hili. Mwaka 1993 Anne Merriman, daktari Mwingereza, alianzisha huko Kampala kazi ya kuwatunza watu kama hao, akitumia mofini ya unga iliyochanganywa na maji, ambayo mgonjwa huinywa nyumbani kwake. Na tangu mwaka 2004 sheria ya Uganda imewaruhusu wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuiagiza dawa wenyewe, kwa kuwa vijiji ni vingi na madaktari ni wachache.

Tumebakiwa na wale wasiolia. Siku hizi ugonjwa wa kisukari umeongezeka katika sharika zetu, nao hufanya kwa miguu kazi ile ile ukoma uifanyayo, kwa njia nyingine: sukari nyingi ya damu, miaka ikipita, huiua mishipa ya fahamu kuanzia vidoleni. Mzee aliye na kisukari akiulizwa, "Miguu yauma?" hujibu kwa kweli tupu, "Haiumi, namshukuru Mungu," na huku mwiba umo katika wayo wake tangu juzi. Kuuliza hivyo hakufai kwake. Afadhali mjukuu alete taa, babu aketi kitini, avue viatu, na wayo utazamwe, hata katikati ya vidole.